Naulizwa habari za baiskeli kwa Kiingereza, nakwama baada ya sentensi nne

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimefanya mtihani wa IELTS, ule wa kupima Kiingereza, mara mbili na kwenye kuzungumza nimepata 5.5, wakati nahitaji 7. Mara ya pili niliulizwa kuhusu baiskeli: kama nilikuwa nayo utotoni, kama bado naendesha, kama watu wengi wanaitumia. Nilijibu hivi: "Yes, I had a bicycle. It was red colour. I was liking it so much because it was very nice. I was driving it every day." Halafu nikanyamaza, na mtahini akaenda swali jingine. Sasa nimeanza kukariri majina ya sehemu zote za baiskeli kwa Kiingereza. Ndiyo njia yenyewe? Nifanye nini ili jibu liwe refu na zuri?

Jibu: Marahaba. Hiyo orodha ya sehemu za baiskeli iweke kando kwa sasa, tutairudia mwishoni. Kukosa majina ya spoki na mnyororo siko kulikokuangusha. Nimewaandaa watu wengi kwa mtihani huu, na waliokwama kwenye swali la baiskeli karibu wote walikuwa na maneno ya kutosha. Walichokosa ni jambo la kusema.

Soma tena jibu lako. Ulikuwa na baiskeli, ilikuwa nyekundu, uliipenda, ilikuwa nzuri, uliiendesha kila siku. Yeyote aliyewahi kuwa na baiskeli anaweza kuyasema hayo hayo, akabadilisha rangi tu. Na ndiyo sababu ulinyamaza: ukishasema kitu kilikuwa "very nice", umefunga mlango mwenyewe. Uzuri hauna sentensi inayofuata. Lakini ungesema kwamba baiskeli ilikuwa ya kaka yako, kubwa kukuzidi, na ukikaa kwenye siti miguu haifiki chini, sentensi inayofuata ingejileta yenyewe, maana kila anayesikia anataka kujua: sasa ulikuwa unasimamaje?

Tujaribu: "Yes, I did, but it was actually my brother's. It was far too big for me, so I couldn't reach the ground when I was sitting on it. The only way to stop was to ride into something soft." Ni sentensi tatu, zinazochukua sekunde kumi na tano hivi, na hakuna neno ambalo hulijui. Lakini angalia kilichomo: wakati uliopita, "couldn't", kishazi cha "when", "far too big" badala ya "very big", na kichekesho kidogo mwishoni. Mtahini amesikia sarufi yako bila wewe kuitangaza.

Kuhusu urefu, usiutafute kwa nguvu. Mtihani mzima ni dakika 11 hadi 14. Sehemu ya kwanza, ambamo maswali ya baiskeli huwa yanajitokeza, ni dakika 4 hadi 5, na ndani ya dakika hizo mada hubadilika mara mbili au tatu. Kwa hiyo sentensi mbili hadi nne kwa kila swali zinatosha. Mtahini pale anasoma maswali aliyoandikiwa na anaangalia saa. Akikukatisha, ni saa imemwambia, hajachukia jibu lako. Sehemu ya pili ndiyo ya kutiririka: unapewa kadi, unajiandaa kwa dakika 1, unaongea dakika 1 hadi 2. Ya tatu ni dakika nyingine 4 hadi 5 za maswali ya jumla, na nitaifikia.

Alama nazo zinatokana na mambo manne yenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, na matamshi. Mtu mwenye 6, 6, 5 na 5 ndiye anayetoka na 5.5. Kwa hiyo swali lako la kweli ni lipi kati ya hayo manne linakuvuta chini. Kwa maandishi yako naiona sarufi. Matamshi siyasikii kutoka hapa, ila nitabahatisha.

Nianze na sarufi, kwa sababu makosa yako si ya uzembe. Ni Kiswahili kinachoongea kwa maneno ya Kiingereza.

Chukua "I was driving it". Kwetu kuendesha ni kuendesha: gari, baiskeli, mkutano, hata biashara. Kiingereza kinatenga. Gari ni "drive", baiskeli ni "ride". Wengine hukimbilia kupanda, kwa kuwa tunapanda mti, mlima, basi na baiskeli kwa kitenzi hicho hicho, basi wanasema "I climbed my bicycle", na mtahini anaiona baiskeli imesimama kama ngazi. Kukwea kitini ni "get on", kusafiri nayo ni "ride", kushuka ni "get off". Ukianguka, wewe husemi umeanguka na baiskeli, unasema "I fell off my bike". Ukienda mahali kwa baiskeli ni "by bike", pasipo neno lolote katikati, au "on my bike". Usiseme "with bicycle", wala "by my bicycle". Aliyekupakiza nyuma "gave me a lift on the back of his bike". Na umri: sisi tuna miaka, wao wako miaka. "I was seven", kamwe si "I had seven years". Rangi vilevile, "it was red" inajitosheleza.

Mtego mkubwa kuliko yote hayo ni "nilikuwa na-". Unasema "nilikuwa naipenda", "nilikuwa naendesha kila siku", ukigeuza neno kwa neno unapata "I was liking" na "I was driving every day". Kiswahili kinatumia umbo hilo kwa mambo mawili: lililokuwa likiendelea wakati fulani, na lililokuwa mazoea. Kiingereza hakikubali kuyachanganya. Lililokuwa likiendelea hupata "was riding", na kwa kawaida huwa kuna tukio lililoliingilia: "I was riding home when the chain came off." Mazoea yaliyokwisha hupata "used to": "I used to ride it every day." Ukishafungua na "used to", unaweza kuendelea na "would": "I used to ride to school with my cousin. We would race each other down the hill, and he would always win." Usianze na "would" kabla ya kumweka msikilizaji katika wakati huo, atapotea. Kuhusu "like" na "love", ziache katika wakati uliopita wa kawaida: "I loved it."

Hapo umepata kanuni ya kusimulia utoto, na maswali ya baiskeli karibu yote yanaanzia utotoni. Ningekuwa wewe ningetumia wiki nzima kwenye "used to" na "was riding when" kabla ya kugusa kitu kingine.

Kwa swali la sasa, kama bado unaendesha, tuna bahati. "Sijaendesha" ina "-ja-" yake, na "-ja-" inakaribiana sana na "have" ya Kiingereza: "I haven't ridden one for years", "I haven't ridden one since I left school". Shika "ride, rode, ridden" mpaka ikutoke ukiwa usingizini. Mtu anayesema "ridden" pasipo kusita amemwonyesha mtahini kitu kwa neno moja.

Kingine kidogo lakini hatari: "yeye". Kwetu baba ni yeye na mama ni yeye, na chini ya woga wa mtihani ndipo "my father" anageuka "she". Ninachowashauri wanafunzi ni kuiona sura ya mtu huyo kabla ya kufungua mdomo, na kwenye hadithi ya baiskeli wamweke mtu mmoja tu. Watu wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, ndani ya jibu la sekunde ishirini, ni kujitafutia ajali.

Sasa matamshi. Maneno ya baiskeli yanatudanganya kwa sababu tunadhani tunayajua. Baiskeli, breki, pedeli, tyubu, pampu, pancha, giya, spoki: karibu yote yametoka Kiingereza, lakini Kiswahili kimeshayavika nguo zake, kila silabi ikaishia na irabu. Ulimi ukifika kwenye "brake" unasema "breki", kwenye "bike" unasema "baiki", kwenye "red" unasema "redi". Mtahini ataelewa, ndiyo. Lakini irabu za ziada zikirundikana mwishoni mwa kila neno, mdundo wa sentensi nzima unaharibika.

Dawa yake ni nyepesi kuliko watu wanavyofikiri. Usihangaike kuikata konsonanti ya mwisho. Ihamishie kwenye neno linalofuata kama hilo linaanza na irabu. "Ride it" iseme "rai-dit". "Got on" iseme "go-ton". "Crashed into" iseme "krash-tin-tu", na hapo umeshughulikia pia ile "-ed" ambayo wengi huisoma kama silabi nzima. Lugha yetu inapenda konsonanti ifuatwe na irabu. Basi ipe irabu, ila iwe ya neno la jirani.

Na neno lenyewe "bicycle". Sisi mkazo tunaupiga silabi ya pili kutoka mwisho, bai-SKE-li, kwa hiyo wengi wanasema "bai-SAI-ko", wakisaidiwa kupotea na "motorcycle". Kiingereza hapa hakina haya. "Bicycle" ni BAI-si-kl, mkazo mwanzoni, na katikati ni "si" fupi. "Motorcycle" ni MO-ta-sai-kl, yenye "sai". "Cyclist" ni SAI-klist. Neno lile lile la mzunguko, sauti mbili. Ukiona linakutatiza siku ya mtihani, sema "bike" na uendelee. Hakuna anayepunguza alama kwa ufupi, na Waingereza wenyewe ndivyo wanavyosema mara nyingi. Kama lugha yako ya kwanza inachanganya "r" na "l", fanyia kazi "ride" peke yake, maana utaitamka mara kumi. Lafudhi yako iache. Haihesabiwi kuwa kosa. Kinachopimwa ni kama unaeleweka bila msikilizaji kukaza masikio.

Kuna neno litakalokukimbia katikati ya jibu, hilo ni hakika. Tuseme unataka kutaja vile vigurudumu viwili vya pembeni vya mtoto anayejifunza. Kwa Kiingereza cha Uingereza ni "stabilisers", kwa cha Marekani "training wheels". Hukumbuki hata kimoja. Wengi huganda hapo, wakatazama dari. Wewe sema: "you know, those two little wheels on the sides that stop you from falling over". Uwezo wa kuzunguka neno lililokosekana umo kabisa ndani ya vigezo vya msamiati, na mtu wa 7 anatarajiwa kuufanya vizuri. Kwa hiyo umepata alama kwa neno ambalo hukulijua! Ila usiombe radhi kwanza, wala usiulize "how do you call it" mara tatu. Ingia moja kwa moja kwenye maelezo.

Je, kama hukuwahi kuwa na baiskeli? Watu hudhani lazima wazue moja. Uongo unawezekana, hakuna anayekagua, lakini uongo unachosha: unabuni hadithi na kutafuta Kiingereza kwa wakati mmoja, na kimoja kitaanguka. "No, I never had one. I was always a bit jealous of my friends, because they would ride off together and I'd be running behind them." Jibu la hapana lenye picha linaishinda ndiyo tupu mara zote.

Niseme neno kuhusu viunganishi, maana nahisi utavikimbilia. "Firstly, secondly, moreover, in conclusion" ni vya insha. Ukivitia kwenye swali la utoto wako unasikika kama unasoma hotuba. Kwenye mazungumzo watu husema "actually", "to be honest", "I mean", "but then". Moja au mbili kwa jibu. Anayeanza kila sentensi na "actually" amehama kutoka kasuku mmoja kwenda mwingine, na kurudiarudia viunganishi vile vile ni miongoni mwa dalili za bendi, yaani alama, ya 5.

Kwa hilo hilo, usikariri majibu mazima. Watahini wamefunzwa kuyatambua: kasi inabadilika ghafla, macho yanahama, na jibu halilingani sawasawa na swali. Mwanafunzi wangu mmoja kwenye mazoezi aliulizwa kama alikuwa na baiskeli akiwa mdogo, akaanza na Karl von Drais na mashine yake ya magurudumu mawili isiyo na pedeli ya mwaka 1817. Alikuwa sahihi kabisa kihistoria. Akapita kwa Starley na baiskeli ya Rover ya 1885, akawa anaielekea Dunlop na tairi la upepo la 1888, ndipo nikamsimamisha. Swali lilikuwa juu yake yeye. Mtihani huu haupimi maarifa ya baiskeli, unapima Kiingereza, na Kiingereza cha kukaririwa hakipimiki.

Maarifa yana mahali pake, nako ni sehemu ya tatu, ambako maswali yanaacha "wewe" na kwenda kwa "watu". Kwa mfano: kwa nini watoto wengi siku hizi hawaendeshi baiskeli? Serikali zifanye nini ili watu waache magari? Hapo ukiendelea na "my bicycle was red" umekwisha. Toa msimamo, toa sababu, kisha jipinge kidogo: "I think it's mostly about traffic. Parents tend to feel the roads aren't safe enough. That said, where there are separate bike lanes, you still see plenty of children cycling." Angalia "tend to". Inakuokoa na "all parents", ambayo kila mtu anajua si kweli. Na "that said" inakupa ruhusa ya kugeuka bila kujichanganya.

Kama unataka mfano wa kweli wa kutembea nao mfukoni, chukua Uholanzi. Watu hudhani nchi ile ilizaliwa na njia za baiskeli. Sivyo. Baada ya vita kuu ya pili magari yalijaa, na miaka ya 1970 wananchi wakaandamana kwa sababu ya watoto waliokuwa wakigongwa barabarani. Mgogoro wa mafuta wa 1973 ukaongeza msukumo, na njia za baiskeli zikaanza kujengwa kwa wingi. Kwa Kiingereza si kazi: "People think the Dutch have always cycled everywhere safely, but in the 1970s they actually had to protest, because so many children were being killed by cars. The bike lanes came after that." Ndani yake kuna "have always cycled", "had to", na "were being killed". Hiyo ya mwisho ni sarufi ya juu, na imeingia kwa sababu habari yenyewe iliihitaji.

Hadithi yako ya baiskeli itakufaa pia sehemu ya pili, kama kadi itasema ujuzi uliojifunza, zawadi uliyopewa, au siku mambo yalipoharibika. Usiilazimishe tu kwenye kadi isiyohusika.

Mazoezi yenyewe ni haya. Washa kinasa sauti cha simu, jiulize swali moja, jibu bila kuandika chochote. Sikiliza, kisha andika ulichosema neno kwa neno pamoja na kila "eee". Hiyo inauma, na ndiyo inayofundisha. Chagua kosa moja tu, tuseme "was driving". Rekodi tena jibu hilo hilo kwa maneno mengine, si kwa kusoma. Kesho swali jingine, kosa lile lile. Kwa sehemu ya pili simulia hadithi kwa dakika mbili, kisha hiyo hiyo kwa dakika moja na nusu, kisha kwa moja. Utashangaa mara ya tatu mapengo yanavyoziba yenyewe. Na sikiliza maneno mawili ya kwanza ya swali kwa makini kuliko mengine yote: "Did you" inataka wakati uliopita, "Do you" uliopo, "Would you" ya kudhania. Nusu ya makosa ya nyakati ni watu walioanza kujibu kabla swali halijaisha.

Nilisema tutairudia orodha yako. Futa majina matupu. Bakisha maneno matano au sita, kila moja likiwa ndani ya tukio: "the chain came off", "the brakes didn't work", "I got a puncture", "I had to pump up the tyres", "I lost my balance", "I went over the handlebars". Hilo la mwisho ni kurushwa juu ya usukani. Kama liliwahi kukupata, anza nalo.